Kinanda: Baba Emérance

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko nyumbani Burnsville, teleka chai uje ukae. Kama uko kwenye barabara ya thelathini na tano na hii theluji, punguza mwendo, shika usukani kwa mikono miwili. Mimi ni Bernardine, mzaliwa wa Kigoma, mkazi wa Saint Paul, na saa hii ya Jumamosi huwa ni ya kumkumbuka mtu wetu mmoja aliyetutoka.

Leo ni Callixte Bagalwa. Mpiga kinanda. Alifariki Jumanne, tarehe sita mwezi huu wa Februari, mwaka huu wa 2018, kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Tulimzika Jumamosi iliyopita, na najua wengi wenu mlikuwepo, maana mimi nilikosa pa kuegesha gari.

Wapenzi wa jazz wanamjua Bagalwa kwa albamu zake nne. Magazeti yameziandika, redio kubwa za hapa zimezipiga. Hizo nne leo siziongelei, zina wasemaji wake. Nazungumzia CD kumi na moja alizopiga nyuma ya watu wengine, akiwasindikiza, ambazo wasemaji hao hawakujua kama zipo. Narudia, wasikilizaji: kumi na moja. Na jina la Callixte Bagalwa halimo hata kwenye moja.

Habari hizi nimezipata kwa binti yake wa kwanza, Emérance. Ana miaka ishirini na minne, anafanya kazi kwenye famasi kule Maple Grove. Nilipomwomba ruhusa ya kuzisimulia, alinipa kwa sharti moja. Aliniambia, "Auntie, usimpambe."

Basi sitampamba.

Callixte alizaliwa Bukavu. Kwenye karatasi zake imeandikwa mosi Januari, kama ilivyo kwa nusu ya wakimbizi ninaowafahamu; siku yenyewe mama yake alikuwa anajua tu kwamba watu walikuwa wakivuna maharage. Kinanda alijifunzia parokiani, Kadutu, kile cha kukanyaga kwa miguu ili kivute pumzi. Vita vilipofika mwaka 1996, akakimbia na mkewe Perpétue na mtoto wa miaka miwili mgongoni, wakavuka ziwa hadi kwetu Kigoma, wakakaa miaka sita katika kambi ya Nyarugusu. Huko hakukuwa na kinanda. Alipiga vidole juu ya kila kitu chenye sauti, mpaka jirani akaja kuomba sufuria zipumzike.

Yule mtoto wa mgongoni ndiye Emérance.

Minnesota walifika Aprili 2002. Callixte akapata kazi ya kufua mashuka katika nyumba moja ya kulelea wazee, Burnsville. Na katika kanisa la Wamarekani Weusi hapa Saint Paul ndipo alipokutana kwa mara ya kwanza na ogani ya umeme: vitufe mistari miwili, chini kuna mbao za kupigia besi kwa miguu, na pembeni spika ya mbao yenye kitu kinachozunguka ndani mpaka sauti inatetemeka. Akaambiwa avue viatu ili miguu iweze kusikia zile mbao. Akavua. Akapiga mpaka mlinzi akaja na funguo, kisha akarudi nyumbani kwa basi na soksi, viatu kavisahau kanisani. Ilikuwa Oktoba, na mkewe hajaacha kumcheka mpaka leo.

Wanamuziki wa jazz walimsikia hapo. Mwaka 2009 ikatoka albamu ya kwanza, akaacha mashuka, na baadaye ikawa leo Chicago, kesho Copenhagen. Huo ndio umaarufu. Tuuache hapo.

Turudi nyuma, mwaka 2004. Turudi Savage, kule karibu na mto, kwenye chumba cha chini cha nyumba ya muuguzi mmoja Mkenya anayeitwa Kiprop. Kiprop alikuwa akirekodi kwaya siku zake za mapumziko. Alinunua ogani ya kanisa lililofungwa, wanaume saba wakaishusha kwa ngazi, na haijapanda tena hadi leo. Kila Jumamosi asubuhi Callixte alikuwa pale akipiga nyuma ya kwaya zetu: Wakongo, Wakenya, Watanzania, mtu yeyote aliyekuja na wimbo. Kwa kuwa Perpétue alikuwa na zamu ya wikendi, ilimbidi Callixte aje na Emérance.

Emérance alikuwa na miaka kumi. Alikaa kwenye ngazi na madaftari yake. Wimbo unarudiwa mara sita, mara nane. Saa nne, saa sita, saa nane mchana. Njaa inauma. Kila akiuliza wataondoka lini, baba yake anamjibu bila kugeuka, "Bado kidogo."

Emérance anasema kama kuna maneno mawili aliyoyachukia katika lugha hii yetu, ni hayo. Alipofika miaka kumi na miwili alikataa kwenda Savage. Akaanza kusali na wenzake wa shule, kwa Kiingereza. Ukimsemesha Kiswahili alikuwa anaelewa kila kitu, na anakujibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wengi.

Halafu Juni 2012. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye kidonda.

Siku hiyo Emérance alikuwa anamaliza sekondari. Vazi refu la buluu, kofia bapa, jina lake linaitwa mbele ya watu elfu mbili. Alimpigia baba yake simu kabla ya sherehe kuanza. Baba akasema, "Niko njiani. Bado kidogo." Callixte Bagalwa alifika pale wafanyakazi wakiwa wanakunja viti. Binti yake alikuwa ameketi kwenye gari la mama yake, kofia mapajani. Hakumwuliza alikuwa wapi. Alidhani anajua: klabu, jukwaa, Wamarekani wake. Tangu siku hiyo, kwa karibu miaka sita, walisalimiana kwenye Krismasi na basi.

Sasa mnaelewa, wasikilizaji, kwa nini baba alipofariki, Emérance alikataa kusema neno.

Nanyi mnajua desturi. Mtoto wa kwanza husimama kando ya jeneza, anasema neno lake, kisha ndipo jeneza linafungwa. Mama Perpétue alimwomba kwa siku tisa. Alimwambia, "Weye njo mutoto wa kwanza. Kama hausemi, nani atasema?" Emérance akamjibu, "I have nothing to say, Mom. I didn't know him." Hakumfahamu. Hilo alilisema kwa dhati, na lilimuuma mama kuliko kifo chenyewe, mama mwenyewe ameniambia.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mazishi, nyumba ya msiba pale Burnsville ilijaa. Viatu vimepangana mpaka kwenye korido ya majirani. Akaja mgeni, bwana mmoja Mmarekani, mwalimu wa muziki, mnyenyekevu kabisa, viatu kavua bila kuambiwa. Alikuwa na karatasi. Alisema anaandika orodha ya kazi zote za marehemu. Albamu zake mwenyewe: nne. Rekodi alizopiga nyuma ya wengine: mbili tu amezipata, za Chicago. Je, kuna nyingine?

Wairimu, kiongozi wa kwaya ya wamama, akaanza kucheka hadi akashika ukuta. "Nyingine?" akasema. "Huyu anauliza kama kuna nyingine! Ngojeni nifike kwa gari."

Si yeye peke yake. Watu walinyanyuka wakashuka kwenye parking, na makoti hawakuvaa. Maana CD zetu haziishi ndani ya nyumba, zinaishi kwenye droo za magari. Ndizo zinazotupeleka kazini, ndizo zinazoturudisha. Wakapanda tena na theluji mabegani, mmoja mmoja, wakaziweka mezani kati ya thermos za chai. Nyingine zimekwaruzika, jalada moja lina alama ya kikombe. Zikahesabiwa kumi na moja.

Yule mwalimu akasoma jalada la kwanza. Akasoma la pili. Akasoma yote. Kisha akauliza, polepole, akijitahidi kutamka: "Who is Baba Emérance?"

Kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa, wasikilizaji wapendwa. Kwenye kila jalada. Waimbaji fulani na fulani. Kurekodi, Kiprop. Kinanda, Baba Emérance. Mara kumi na moja.

Watu wote wakageuka kutazama jikoni. Emérance alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe.

Wairimu alimweleza mbele ya wote. "Mimi ndiye nilitype hiyo cover ya kwanza. Niliuliza wamama, huyu wa kinanda anaitwa nani? Wote wakasema Baba Emérance. Sasa mimi ningejuaje ako na jina ingine? Kesho yake nikasikia anaitwa Bagalwa, nikamwambia wacha nibadilishe. Akakataa kabisa. Akasema hilo ndilo jina."

Naye Mmarekani alikuwa ametafuta miaka mitatu kwa jina la Bagalwa. Angetafuta wapi? Sisi wenyewe hatumwiti mtu mzima kwa jina lake kana kwamba tunamdai. Unamwita kwa mtoto wake, na inaishia hapo.

Emérance aliweka sinia chini. Akachukua CD ya kwanza, ile iliyorekodiwa 2004. Ndani ya nyumba hakukuwa na kitu cha kuipigia, hivyo akashuka nayo kwenye gari lake. Mama yake akamfuata, na Kiprop akaingia nyuma. Wakawasha hita. Vioo vikafanya ukungu.

Wimbo wa kwanza ni wa kwaya ya wamama. Ni wa polepole. Emérance, ambaye kwa siri alikuwa amezisikiliza zile albamu nne za jazz zote, anasema alishangaa. Kwenye jazz baba yake anamwaga noti, anakimbia, anarudi, anakupita. Huku hafanyi hivyo. Huku anashika sauti moja ya chini, kwa mguu, anakaa nayo. Wamama wale walikuwa watu wazima, wengine na pumu, na mwisho wa kila mstari wanahitaji kuvuta hewa. Na kinanda kinawangoja. Hakiwasukumi. Mama wa mwisho akishapata pumzi, ndipo mkono wa kulia unaingia.

Emérance akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo, kwamba kumbe baba alijua kungoja. Hakulisema kwa wema, wasikilizaji. Lakini hakuizima.

Kati ya ubeti wa pili na wa tatu kwaya inanyamaza, kinanda kinabaki peke yake. Na hapo, katikati ya muziki, inasikika sauti ya mtoto ikiuliza kama baba amemaliza. "Are you done, Daddy?" Na sauti ya mwanaume, karibu na maikrofoni: "Bado kidogo." Halafu kinanda kinapanda, na wamama wanaingia kwa nguvu zote.

Emérance alijifunika mdomo kwa viganja viwili.

Kiprop, huko nyuma, akaanza kujitetea kama mtu aliyekamatwa. "Si mimi," akasema. "Yaani ni mimi, lakini si kosa langu. Tulipomaliza nikamuuliza, hii sauti ya mtoto tufanye nini? Akaniambia 'Tosha iyo.' Mimi nikajua anasema inatosha, iko sawa. Nikasave."

Hapo Mama Perpétue alicheka kwa mara ya kwanza tangu afiwe. Kwa sababu, nyie msiotoka kule, sikieni: kwa watu wa Bukavu, kutosha ni kutoa. Callixte alisema, iondoe. Mkalenjin wa watu akasikia, imetosha. Na kwa kuwa Kiprop hana haraka, CD ilitoka mwaka 2006, nakala zimeshachapishwa zote, sauti ya mtoto ikiwa ndani.

Wairimu alitaka warudie. Callixte aliisikiliza mara moja, kisha akasema isiguswe. Mama Perpétue alimwambia binti yake pale garini, "Alikuwa anaisikiliza mu gari siku zote za baridi. Miye namuambia, papa, tosha iyo, tuweke ingine. Anakataa. Lakini weye ukiingia mu gari, anaizima."

"Why?"

"Alikuwa na haya juu yako. Alikuwa anajua kama alikungojesha."

Na kuna kitu kingine ambacho Emérance hakukijua, kwa kuwa alishatoka katikati yetu. Sote tunayajua maneno yale mawili. Tumeendesha nayo miaka kumi na miwili. Watoto wetu wakichoka kwenye foleni huko nyuma, mmoja anasema, "Are you done, Daddy?" na gari zima linajibu. Alikuwa mtoto maarufu kuliko baba yake, na hana habari.

Walirudi ndani. Akaendelea kusoma majalada, moja moja, mpaka la kumi na moja, la wimbo wa wajane wa Burnsville. Hilo lina maneno ya ziada. Limeandikwa: Kinanda, Baba Emérance aliyemaliza shule leo. Juni 2012.

Nimeahidi kutompamba, kwa hiyo nawaambia ilivyokuwa. Emérance alikasirika. Alilia kwa hasira. Alisema kwa Kiingereza kwamba aliwaambia watu wote hao, akaandikisha mpaka kwenye karatasi, akashindwa kuja kumwambia yeye? Wairimu hakubishana. Alimwambia, "Alituahidi kutupigia kinanda hiyo siku, na hakutuambia sherehe yako ni saa gani. Tungejua, mama, tungemfukuza na viatu mkononi. Tusamehe." Na wajane wawili walioimba kwenye CD hiyo, waliokuwepo pale, wakainama, nao wakamwomba msamaha.

Emérance alizikusanya zile CD, akalala nazo chumbani kwake, na mimi siwezi kuwaambia zaidi, maana naye hakuniambia.

Jumamosi ikafika. Kanisa limejaa. Waliokuja kwa jazz wamekaa kushoto, sisi tumejazana kulia. Ogani ilikuwepo, haikufunguliwa. Wakati wa neno ulipofika, akaitwa mtoto wa kwanza, na Mama Perpétue akafumba macho, kwa sababu hata asubuhi ile binti hakuwa amesema ndiyo wala hapana.

Emérance alisimama. Akatembea mpaka kwenye jeneza. Hakuwa na karatasi. Aliweka mkono kwenye ukingo wa jeneza, akamtazama baba yake, akanyamaza.

Dakika moja. Dakika mbili. Mtu akakohoa. Mimi nilikuwa nyuma, nikaanza kuomba Mungu amfungue kinywa.

Sasa, yule kijana wa kampuni ya mazishi alikuwa mgeni wetu, mtu mpole, anatimiza kazi yake tu. Aliona kimya kile akadhani neno limekwisha. Akamsogelea kwa adabu, akainama, akauliza, "Are you done?"

Kanisa zima, upande wetu, liliacha kupumua. Nawaambia kweli. Kijana wa watu hakujua alichokisema.

Emérance akainua uso. Na kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sote tuliisikia bila maikrofoni, akasema:

"Bado kidogo."

Kwenye CD, baada ya maneno hayo, wamama wanaingia. Basi wamama wakaingia. Hakuna aliyewapa ishara, hakuna kinanda, Wairimu mwenyewe alikuwa bado anatafuta leso. Waliimba ubeti wa tatu wote, na mwisho wa kila mstari walivuta hewa na kuacha ile nafasi aliyokuwa akiwaachia yeye. Emérance alisimama pale mkono kwenye jeneza, akangoja mpaka mama wa mwisho akapata pumzi. Kisha akampa yule kijana ishara kwa kichwa, na jeneza likafungwa. Hilo ndilo lilikuwa neno la mtoto wa kwanza.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii natoa pole kwa Mama Emérance, yaani Mama Perpétue, kwa Emérance mwenyewe, na kwa ukoo wote wa Bagalwa hapa na Bukavu. Mungu awape nguvu za kuizoea nyumba isiyo na vidole vinavyogongagonga meza.

Na wewe unayenisikiliza garini, ukifika, kabla hujazima, fungua droo. Toa CD moja. Soma chini kabisa, kwenye maandishi madogo, nani alipiga nyuma. Kama yuko hai, mpigie simu. Na kama kuna mtoto wako aliyekaa kwenye ngazi akikungoja wewe uwatumikie wengine, huyo mpigie kwanza. Mimi nimeshampigia wa kwangu. Hakupokea, nitajaribu tena jioni.

Tunafunga na ule wimbo wa kwanza, wa mwaka 2004. Francis, fundi mitambo wetu, aliniuliza jana kama aikate ile sauti ya mtoto, maana anaona inaharibu muziki. Nimemjibu kwa Kiswahili cha Bukavu: usitoshe. Na kwa kuwa Francis ni Mkenya, nimemweleza maana yake mara mbili.